Mashujaa Mia Tatu na Meza Moja

Watu watano wameketi kuizunguka meza. Wanne wana karatasi mbele yao, na kila karatasi ni ya mtu wa kubuni: jina lake, nguvu zake, silaha zake, anachokiogopa. Wa tano ndiye msimamizi wa mchezo. Anawaeleza walipo: mlima kushoto, bahari kulia, njia nyembamba katikati, na mbele yao jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi. Kisha anauliza, "Unafanya nini?" Anayejibu hurusha dadu, na dadu ndizo zinazoamua kama mkuki umepata au umekosa. Mwaka ni 480 K.K., mahali ni Thermopylae, na kila mchezaji anataka kuwa mmoja wa wale Wasparta mia tatu.

Hapo ndipo mchezo unapoanza kugombana na watu unaowaigiza. Mtu anaweza kuvaa jina la Msparta kwa dakika moja. Kuzivaa desturi zake ni kazi nyingine, kwa sababu karibu kila kitu ambacho michezo ya namna hii hukitunza, Sparta ilikiadhibu.

Michezo hii ina nasaba yake. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, von Reisswitz, alitoa mchezo wa vita wa kuwafundishia maofisa, wenye ramani, dadu na vipande vilivyosimama badala ya vikosi. Mchezaji alikuwa jenerali. Askari mmoja mmoja hakuwa na jina. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na mchezaji akaacha kuongoza kikosi, akawa mtu mmoja mwenye jina, majeraha na sifa inayokua. Michezo yenyewe, kwa maneno mengine, ilizaliwa siku askari alipotolewa kwenye safu. John Harper alipotunga mchezo wa Agon mwaka 2006 aliielewa Ugiriki ya namna hiyo vizuri: mashujaa wa kale wanasafiri pamoja huku wakishindana wenyewe kwa wenyewe kutafuta utukufu. Achilles, shujaa wa tenzi za Homer, angeketi kwenye meza hiyo akajiona yuko nyumbani. Leonidas, mfalme wa Sparta aliyewaongoza wale mia tatu, asingejua pa kuweka mikono.

Mtoto wa kiume wa Sparta alitolewa kwa mama yake akiwa na miaka saba, akalelewa na rika lake chini ya usimamizi wa dola. Hata alipooa aliendelea kulala na wenzake wa kambi hadi miaka thelathini, akimwendea mkewe usiku kwa kunyemelea. Alipokuwa mtu mzima, maisha yake yaliegemea bwalo. Kila bwalo lilikuwa na wanaume kama kumi na watano waliokula pamoja kila jioni, na kila mmoja alileta fungu lake la shayiri, mvinyo, jibini na tini. Aliyeshindwa kuleta alipoteza haki zake za uraia. Kuingia bwaloni kulihitaji kura: mtumishi alipita na bakuli kichwani, kila mwanachama akatupia humo donge la mkate, na donge moja tu lililobanwa bapa lilitosha kumkataa anayeomba. Kitoweo kilichowapa sifa kilikuwa mchuzi mweusi wa nguruwe, damu na siki, ambao wageni waliufanyia mzaha sana.

Ningekuwa msimamizi, ningeanzia hapo, si kwenye mlango wa vita. Wachezaji wapigiane kura kwanza. Anayejua kwamba jirani yake angeweza kumbania donge atasimama tofauti na anayehesabu alama zake.

Desturi ndizo pia zilizoamua nani aende Thermopylae. Wakati Waajemi wakishuka, Sparta ilikuwa katika Karneia, sikukuu ya mungu Apollo, ambapo jeshi halikutoka. Miaka kumi kabla, wakati wa vita vya Marathon, walingoja mwezi uwe mpevu na wakafika mapigano yamekwisha. Safari hii Leonidas alitangulizwa na watu mia tatu, wote wenye watoto wa kiume walio hai, ili nyumba zisifungwe. Mpelelezi wa Xerxes alipochungulia kambi yao aliwakuta wengine wakifanya mazoezi na wengine wakichana nywele zao ndefu. Xerxes aliona ni kichekesho. Demaratos, mfalme wa Sparta aliyekuwa uhamishoni kwake, alimweleza kuwa ndivyo wafanyavyo wanapokaribia kuhatarisha maisha yao. Mchezaji atafurahia kuigiza kuchana nywele, maana ni jambo la kupendeza na halina gharama.

Gharama inaonekana kwenye vita vya Plataea, mwaka uliofuata. Wasparta walikuwa wakichinja wanyama wa kafara na dalili zilikuwa mbaya, mishale ya Waajemi ikiwanyeshea. Walikaa nyuma ya ngao zao. Kallikrates, aliyesifiwa kuwa mzuri wa sura kuliko wote jeshini, alipigwa mshale ubavuni akiwa ameketi, akafa akisikitika kwamba hakupata hata kuutumia mkono wake. Kamanda wao, Pausanias, hakutoa amri mpaka kafara ilipokubali. Sijui ni meza gani yenye wachezaji ambao wangevumilia hilo. Dadu hazina namba ya kungoja.

Lakini mtu ambaye angeivuruga meza yote ni Aristodemos. Yeye na mwenzake Eurytos waliugua macho kule Thermopylae, wakaruhusiwa kupumzika nyuma ya mstari. Waajemi walipowazunguka kwa njia ya mlimani iliyoonyeshwa na msaliti Ephialtes, Eurytos aliomba silaha zake, akamwamuru mtumwa wake amwongoze hadi kwenye mapigano, akafa huko bila kuona vizuri aliyempiga. Aristodemos alirudi nyumbani. Sparta ilimpa jina la aibu la mtu aliyetetemeka. Hakuna aliyempa moto wa kuwashia jiko wala aliyezungumza naye. Mwingine, Pantites, aliyekuwa ametumwa Thessaly kupeleka ujumbe, alijinyonga kwa kudharauliwa hivyo hivyo.

Kule Plataea Aristodemos alitoka kwenye safu akawavamia Waajemi peke yake, akaua, akauawa. Kwa sheria za mchezo wowote wa mezani hiyo ndiyo tamati ya ndoto, na mwanahistoria Herodotus mwenyewe alimhesabu kuwa shujaa wa kwanza wa siku ile. Wasparta walikataa. Walisema alitaka kufa kwa sababu ya aibu yake, na alifanya makubwa kwa wazimu, nje ya nafasi yake. Wakampa heshima Poseidonios, aliyepigana vizuri bila kutafuta kifo.

Na wapo ambao hakuna anayewachagua. Kila Msparta alilishwa na heloti, watu waliotekwa na kufungwa kwenye mashamba ya mabwana zao. Mwandishi wa kale Plutarch, akimtaja mwanafalsafa Aristotle, anasema maofisa watano wakuu walitangaza vita dhidi ya heloti kila walipoingia madarakani, ili kuwaua kusiwe dhambi. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa; Sparta mila zilisimama juu ya migongo ya watumwa, na bila shamba la heloti hakuna fungu la bwaloni. Baada ya vita vya Thermopylae, Xerxes aliwaalika mabaharia wake waje kutazama maiti za Wagiriki, nao hawakutambua kwamba miongoni mwake zimo za heloti. Yule aliyemshika Eurytos mkono alimfikisha, kisha akakimbia. Hatuna jina lake. Karatasi ya mhusika wake ingekuwa ngumu kuliko ya Leonidas, nami ningempa mchezaji mahiri kuliko wote.

Sheria ya mapigano ningeibadilisha moja tu. Askari wa Kigiriki alibeba ngao mkono wa kushoto, nayo ikamkinga nusu yeye na nusu aliyesimama kushoto kwake. Ndiyo maana Sparta kutupa ngao kulikuwa aibu kuliko kupoteza kofia ya chuma. Basi dadu zako zimkinge aliyeketi kushoto kwako, na uhai wako uwe mikononi mwa aliye kulia. Asipate alama mtu yeyote kwa kuua. Na kikao cha mwisho kichezwe Sparta, baada ya vita, mmoja wao akiwa amerudi hai na wengine wakiwa ndio majirani wanaoombwa moto.