Saida si jina la mhudumu

Jumamosi moja jioni nilikaa na rafiki aliyetoka Nairobi kwenye baa ya ufukweni, Capri Point, Mwanza. Jua lilikuwa linaishia, ziwa limetulia. Mgeni akamwita mhudumu: "Niletee saida, ya baridi." Dada yule akamtazama, akanigeukia mimi, kisha akajibu kwa upole: "Saida leo hayupo, kaka. Anaingia kesho asubuhi."

Tulicheka hadi meza ya jirani wakauliza kulikoni. Nairobi neno hilo, yaani cider, limeshazoeleka, na tangu 2017 hata Tusker wana saida yao. Mwanza mtu huagiza kwa jina la chupa: "Nipe Savanna," basi. Ikaja hiyo hiyo, chupa inayoonyesha hadi ndani, kipande cha limau kimechomekwa mdomoni.

Mimi ni mtu wa bia. Mvinyo nauonja harusini, tena kwa heshima ya maharusi. Savanna nilikuwa nimeiweka kwenye fungu la "vinywaji vya kina dada", kama wafanyavyo wanaume wengi ninaokaa nao. Jioni ile nikaonja kwa sababu ya ubishi tu. Haikuwa na ule uchungu wa bia unaobaki kooni, wala haikunikausha ulimi kama mvinyo mwekundu. Ilikuwa na ukali wa tunda na gesi ya kutosha. Akaletwa sato wa kukaanga, mkia umekauka vizuri, mafuta bado yanachemka pembeni. Nikala, nikanywa, nikasalimu amri. Bia na samaki wa mafuta hugombea nafasi tumboni. Saida ilifanya kazi ya ndimu.

Kwani saida ni nini hasa? Ni juisi ya matufaha iliyochachuka. (Sokoni ukisema tufaha muuzaji atakushangaa, sema epo.) Matunda husagwa, hukamuliwa, kisha hamira huigeuza sukari ya juisi kuwa kileo. Hakuna shayiri, hakuna kuchemsha sufuria kubwa kama kiwandani kwa bia. Kwa utengenezaji ni ndugu wa mvinyo, ila hukaa friji moja na bia na hunywewa kwa mwendo wa bia. Hapo ndipo watu huteleza. Savanna, iliyoingia sokoni Afrika Kusini 1996, ina kileo karibu asilimia 6. Kilimanjaro ina 4.5. Anayewacheka kina dada na ahesabu upya kabla hajapanda bodaboda.

Wenye kinywaji hiki ni watu wa nchi za baridi. Waingereza ndio wanaoongoza kwa kukinywa, na kampuni ya Bulmers ya Hereford imekuwa ikikitengeneza tangu 1887. Kule Asturias, Hispania, mhudumu huinua chupa juu ya kichwa, akashusha glasi chini ya kiuno, akamimina kijito chembamba ili kinywaji kipate hewa. Ajaribu mtu hivyo hapa Kirumba, aone kama hatalipishwa kilichomwagika.

Mti wa tufaha unataka baridi, na joto letu la ziwani haliuridhishi. Unaota Njombe na Lushoto, lakini mengi ya matufaha yanayopangwa kwa mafungu hapa mjini yametoka Afrika Kusini, kama Savanna yenyewe. Ndiyo maana chupa yake moja hugharimu zaidi kuliko bia.

Ila wazo la kulilevya tunda si geni kwenye ziwa hili. Panda meli jioni bandarini Mwanza, asubuhi uko Bukoba, na huko kuna rubisi ya Wahaya. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, hutiwa kwenye chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Wanaume huzikanyaga kwa miguu pamoja na majani makavu mpaka juisi ijitenge na makapi. Huongezwa maji na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja hivi huwa tayari kwa kibuyu na mrija. Ukiutoa huo mtama, sioni tofauti kubwa na wanachofanya Hereford. Ni tunda tu lililobadilika.

Juma lililofuata nilimpeleka mzee mmoja, Mhaya aliyehamia Mwanza zamani, kwenye meza ile ile. Nilitaka kupata hukumu ya mjuzi. Alilitoa limau, akaliweka pembeni kama mtu anayetoa nzi, akanusa, akanywa mafunda mawili taratibu.

"Hii ni rubisi iliyosoma shule," akasema. "Lakini mtama wameusahau."

Nikamuuliza kama aongezewe nyingine. Akamwita mhudumu, na safari hii alikuwa Saida mwenyewe, akaagiza bia, Safari ya moto.