Utapigaje Picha ya Kimya?

Mtu akilima, mpiga senema ataonyesha jembe na jasho lake. Lakini mtu aliyeketi kimya, macho kayafumba, utampigaje picha?

Shida hiyo iliwapata mabibi wawili wa Israeli, Ayelet Menahemi na Eilona Ariel. Mwaka 1997 walitoa senema ya dakika 52, Doing Time, Doing Vipassana, juu ya gereza kubwa la Tihar mjini Delhi, Bara Hindi. Huko, mwaka 1994, mkuu wa magereza, Bibi Kiran Bedi, aliruhusu wafungwa zaidi ya 1,000 wafuate mafunzo ya siku kumi, karibu zote kimya, wakiangalia pumzi zao na nafsi zao, kwa njia ya kale iliyotoka kwa Buddha.

Je, mabibi hao walifanyaje? Wanatuonyesha gereza lenyewe na msongamano wake, kisha safu za watu waliotulia. Halafu wafungwa na wakubwa wa gereza wanasema wenyewe. Machozi yakitoka, kamera haigeuki. Moyo hauonekani, hujulikana kwa uso na maneno.

Hata hivyo, tazama kwa akili. Aliyekata na kuunga filamu ndiye aliyechagua nyuso za kutuonyesha. Senema haithibitishi kwamba kila mfungwa aligeuka. Lakini yatuachia swali: kijana wetu akirudi kutoka kifungoni, je, tutautazama uso wake, au tutakumbuka kosa lake tu?