FUNDI NA UMEME WA NYUMBANI

Siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina umeme. Mwashi, seremala, fundi bomba na fundi wa kuezeka huitwa kufanya kazi katika nyumba hizo. Wao si mafundi umeme. Lakini umeme uko karibu nao. Umo ukutani na umo darini.

Umeme hauonekani wala haunuki. Umeme wa nyumbani una nguvu ya volti 230. Ukipita mwilini, misuli hukaza. Mkono ulioshika waya hushindwa kuachia. Moyo unaweza kusimama.

Mafundi wengine huzima taa, wakadhani hatari imekwisha. Hilo ni kosa. Waya unaoleta umeme kwenye swichi ya taa bado una umeme.

Wengine husema, "Umeme wa LUKU umekwisha. Tufanye kazi." Hilo nalo ni kosa. Mwenye nyumba anaweza kununua umeme na kuingiza namba wakati wowote. Mara umeme unarudi, na fundi bado ameshika waya.

Kabla ya kuanza kazi, fanya haya:

1. Jaribu tesita mahali penye umeme, ujue kuwa ni nzima.
2. Zima swichi kuu. Mwambie kila mtu wa nyumba hiyo asiiwashe.
3. Pima tena kwa tesita mahali utakapofanya kazi.
4. Usitoboe ukuta juu, chini wala ubavuni mwa swichi au soketi. Waya hupita humo.
5. Usifanye kazi ukiwa peku au mikono ikiwa imelowa.
6. Weka bati, nondo na ngazi ya chuma mbali na waya unaotoka kwenye nguzo. Swichi kuu haizimi waya huo. Kama kazi iko karibu nao, shirika la umeme liukate kwanza.

Mwenzako akinaswa na umeme wa nyumbani, usimshike. Nawe utanaswa. Zima swichi kuu haraka. Ukishindwa kuifikia, simama juu ya ubao mkavu, umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, mbonyeze kifuani kwa nguvu na kwa haraka, bila kukoma, wengine wakitafuta gari. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Kazi ya kesho huifanya fundi aliye hai.

Maswali
1. Kwa nini kuzima taa hakutoshi?
2. Utafanya nini mwenzako akinaswa na umeme?