Gari Linalokula Oili: Lipime Kabla Halijala Akiba Yenu



Vipo vikundi vya akiba, mashambani na viwandani, ambavyo wanachama wake huchanga kidogo kidogo hadi wakapata fedha za kununua gari lililokwisha tumika. Katika njia ya Mbarara na Base Camp, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, magari ya namna hiyo ndiyo yanayobeba abiria, maharage, mahindi na ndizi kila siku. Kwa mfanyakazi wa mshahara mdogo gari hilo si anasa. Ni ada ya shule ya watoto na ni tegemeo la siku atakapoacha kazi.

Gari likianza kula oili, ugomvi huanza. Wanachama humshuku dereva kwamba anauza oili. Dereva humlaumu fundi. Fundi naye hutaka injini ifunguliwe mara moja. Yafaa basi tuelewe ugonjwa huu, ili tusitupe fedha za jasho letu. Jambo kubwa la kushika ni hili: injini haifi kwa sababu inakula oili, hufa kwa sababu hakuna aliyekuwa akiipima.

OILI HUENDA WAPI

Oili hupotea kwa njia mbili tu. Ama inavuja nje, ama inaungua ndani.

Inayovuja nje hupitia kwenye gasketi zilizochoka, kwenye sili za shafti, au kwenye nati ya kumwagia oili. Inayoungua ndani hupitia mahali patatu. Kwanza ni ringi za pistoni. Ringi zina kazi ya kukwangua oili kutoka kwenye ukuta wa silinda. Zikichakaa, au zikigandishwa na masizi, oili hupanda juu na kuungua pamoja na petroli. Pili ni sili za valvu, ambazo hukauka na kuwa ngumu kwa joto na umri, hata oili ikatelemka juu ya pistoni. Tatu ni valvu ndogo ya kupumulia injini. Hii ikiziba, hewa iliyofungwa ndani huisukuma oili itoke popote inapoweza.

KWA NINI MAGARI YETU

Sababu ya kwanza ni umri. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, lakini yale yaliyoingia zamani bado yapo barabarani na bado yanauzwa.

Sababu ya pili ni vumbi. Lami ikiisha, gari huingia katika barabara za udongo za makazi. Filta ya hewa iliyotoboka au isiyofungwa vizuri hupitisha vumbi ndani ya injini, na vumbi hilo hukwangua ringi na silinda kama msasa. Filta ni kitu cha bei ndogo, injini si kitu cha bei ndogo.

Sababu ya tatu ni kuchelewa kubadilisha oili. Oili iliyochoka huacha masizi kwenye ringi, na ringi iliyoganda haikwangui tena.

Sababu ya nne ni kasoro ya kiwandani. Mathalani, mwaka 2011 kampuni ya Toyota ilitoa waraka kwa mafundi wake wa Marekani juu ya injini ya 2AZ-FE, ya lita 2.4. Waraka ulielekeza kwamba gari likipimwa na kuonekana linakula zaidi ya karibu lita 1 kwa kila kilomita 2,000, libadilishwe pistoni na ringi. Injini ya aina hiyo imo pia katika Estima, Harrier na RAV4 nyingi zilizofika kwetu zikiwa zimetumika. Kwa hiyo dereva anaweza kuwa mwaminifu kabisa na oili ikapungua.

PIMA KWANZA

Kusema "gari linakula sana" si kipimo. Fanyeni hivi:

1. Egesha gari mahali pa tambarare. Zima injini, subiri dakika 10 ili oili yote itelemke.

2. Chomoa dipstiki, yaani kile kijiti cha kupimia oili, kifute, kirudishe, kisha kichomoe tena usome. Jaza oili hadi alama ya juu, wala usiipite.

3. Andika kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi.

4. Kila asubuhi pima tena kwa njia ile ile. Ukiongeza oili, ongeza kwa chupa yenye alama za vipimo na uandike kiasi.

5. Baada ya kilomita 1,000, jumlisha kiasi chote kilichohitajika kuirudisha oili kwenye alama ya juu.

Injini nzee ikila nusu lita katika kilomita 1,000, hilo si la kufungulia injini. Ongeza oili, endelea na kazi. Ikifika lita 1, umefika kwenye kikomo ambacho watengenezaji wengi hukitaja, na yafaa mtafute sababu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme gari linakula lita 1 kwa kilomita 1,000, nalo linakwenda kilomita 100 kwa siku. Katika siku 10 oili hushuka kutoka alama ya juu hadi karibu na ya chini. Injini ikiwa inashika lita 4, na mtu asiongeze kitu, siku ya 30 imebaki lita 1. Anayengoja kilomita 5,000 za kubadilisha oili hatazifikia.

Wala msingoje taa nyekundu ya oili. Taa hiyo haipimi wingi wa oili, hupima msukumo wake. Ikiwaka safarini, zima injini papo hapo, hata kama abiria wanalalamika. Kilomita chache baada ya taa zinaweza kuua injini nzima.

SOMA MOSHI

Moshi wa bluu ndio moshi wa oili. Mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi. Mweupe mzito usiokwisha injini ikiwa imepata moto huonyesha maji yanaingia ndani, na huo ni ugonjwa mwingine.

Bluu ikitoka asubuhi unapowasha, kisha ikaisha, shuku sili za valvu. Vivyo hivyo ikitoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu. Bluu ikitoka kila unapokanyaga mafuta, hasa gari likiwa na mzigo, shuku ringi. Pasipokuwa na moshi wowote, tandika katoni chini ya injini usiku kucha, asubuhi uangalie matone.

Fundi mwenye kipimo cha kompresheni anaweza kuthibitisha. Hupima kila silinda, kisha humimina oili kidogo katika silinda dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi ndizo zilizochoka. Kisipopanda, kasoro huenda iko kwenye valvu au gasketi ya juu. Fundi anayetaka kufungua injini bila kupima mwulizeni amejuaje.

ANZENI NA LA BEI NDOGO

Kwanza zibeni mivujo, mbadilishe valvu ya kupumulia na filta ya hewa. Pili, badilisheni oili na filta yake mapema kuliko kawaida kwa mara mbili tatu, kwa oili ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Ringi zilizoganda kidogo huweza kuachia. Tatu, badilisheni sili za valvu, kazi ambayo katika injini nyingi fundi hodari huifanya bila kuishusha injini. La mwisho ni ringi. Hapo silinda lazima zipimwe. Silinda ikiwa imelika, ringi mpya hazitashika, na mtalipa mara mbili. Bloku huhitaji kuchongwa na kuwekewa pistoni za saizi kubwa zaidi.

Kununua injini iliyotumika, kama zile zinazouzwa Kisekka mjini Kampala, huweza kuwa rahisi kuliko kuchonga. Lakini nayo ipimwe kompresheni kabla ya fedha kutoka, maana huenda ina ugonjwa ule ule.

Kuweka oili nzito si dawa. Hupunguza moshi kwa muda, na wauzaji wajanja huitumia kuficha ugonjwa. Ndiyo maana mkienda kununua gari, fikeni injini ikiwa baridi, na mkatae gari lililokwisha pashwa moto kabla yenu. Liwasheni wenyewe, liungurume dakika 10, kisha mmoja akanyage mafuta na mwingine atazame bomba la moshi. Fungueni kifuniko cha oili injini ikinguruma: hewa ikisukuma kwa nguvu kama pampu, ringi zimechoka.

DAFTARI NDIYO KINGA YA DEREVA

Injini ikifa, mara nyingi mzigo hubebeshwa dereva. Huambiwa alipe, au hukatwa kidogo kidogo katika malipo yake hadi mwaka unaisha. Dereva aliyeajiriwa afahamu kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka mipaka juu ya makato ya mshahara; mwajiri hakati apendavyo. Lakini sheria huhitaji ushahidi, na ushahidi wa jambo hili ni daftari.

Kila gari la kikundi liwe na daftari lenye safu nne: tarehe, kilomita, oili iliyoongezwa, na sahihi mbili, ya dereva na ya mjumbe wa kikundi. Kwa daftari hilo dereva mwaminifu hatasingiziwa wizi, mwizi hatajificha nyuma ya injini mbovu, na fundi hatauza dawa ya ugonjwa usiokuwapo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi katika mkutano ujao wa kikundi chenu, wekeni jambo hili kwenye ajenda. Nunueni daftari moja na chupa moja ya kupimia, mchague mjumbe mmoja, na kazi ianze kesho yake asubuhi kabla gari halijawashwa.