Kusomea Unasihi Dubai Huku Ukiwa Kazini

Mfanyakazi wa hoteli, mlinzi au muuguzi aliyeko Dubai, akishatamani kuwa mnasihi, kwanza huuliza ada ni kiasi gani na kozi ni ya muda gani. Ana haki ya kuuliza. Lakini katika unasihi wa kiutu darasa ni sehemu ndogo tu ya mafunzo. Kazi kubwa iko kwenye saa za mazoezi na wateja halisi, na hizo ndizo ngumu kupatikana kwa mtu mwenye ajira.

Mwelekeo huu wa kiutu ulipata sura yake kwa Carl Rogers, mwanasaikolojia Mmarekani. Mwaka 1957 alieleza masharti sita ya mtu kubadilika kupitia unasihi. Matatu yanamhusu mnasihi moja kwa moja: aelewe mambo kama mteja anavyoyaona, amkubali bila kumwekea masharti, na awe mkweli nafsini, asiigize upole.

Ukisoma hivyo utadhani ni jambo jepesi. Mfikirie dada wa kazi za ndani anayelia kwa sababu mwanawe aliye Tanga hataki tena kuzungumza naye kwenye simu. Wengi wetu tungemwambia avumilie, mtoto atakua, riziki ndiyo iliyomleta huku. Mnasihi wa kiutu angesema, "Nasikia kama unaogopa kwamba ameanza kukusahau." Pengine amekosea. Dada atamsahihisha: hapana, haogopi kusahauliwa, anaona aibu kwa kuwa siku hizi hata yeye hana la kumwambia mwanawe. Hapo ndipo amegusa jambo ambalo hajawahi kulitamka, na amelifikia mwenyewe. Shauri la haraka lingemfunga mdomo.

Sisi tumelelewa kwa nasaha. Somo humfunda mwari, mzee wa mtaa husuluhisha, sheikh au mchungaji humkumbusha mtu imani yake. Kazi hizo zina heshima yake na mnasihi haziondoi. Ila anayejifunza unasihi hulazimika kuizuia tabia aliyoizoea tangu utotoni, na tabia haibadiliki kwa semina ya wiki moja. Ndiyo maana naamini kusoma kidogo kidogo, jioni na siku za mapumziko, kunalifaa somo hili. Mwanafunzi hupata wiki nzima ya kujitazama anavyosikiliza watu kabla ya kurudi darasani.

Darasani wanafunzi hukaa watatu watatu: mmoja mnasihi, mmoja mteja, mmoja mtazamaji, kisha hubadilishana. Rogers alirekodi mazungumzo ya unasihi, na kitabu chake cha 1942 kilichapisha vikao vyote vya mteja mmoja, neno kwa neno. Hadi leo mwanafunzi hurekodi kwa idhini ya mteja, halafu hujisikiliza mwenyewe. Kusikia jinsi ulivyomkatiza mtu aliyekuwa karibu kulia kunaumiza, na kunafundisha sana.

Sasa tuje kwenye saa. Kwa mfano, nchini Uingereza, chama cha wanasihi cha BACP hutaka kozi kinazoziidhinisha zimpe mwanafunzi angalau saa 100 na wateja. Ili mnasihi mwenyewe apate ithibati, hutakiwa saa 450 chini ya msimamizi. Kwa aliyeko Dubai, saa hizo hutafutwa nje ya zile za ajira: sheria ya kazi ya Emirati inaruhusu saa 48 za kawaida kwa wiki, na mfanyakazi wa ndani ana haki ya siku moja ya mapumziko kila wiki. Anayefanya kazi kwa zamu apatane na mwajiri juu ya siku maalumu, kwa maandishi, kabla ya kujiandikisha.

Leseni nayo ina njia zake. KHDA, mamlaka ya elimu ya Dubai, hutoa vibali kwa taasisi za mafunzo za huko, lakini kibali cha taasisi hakikufanyi wewe mnasihi. Wanasihi wa huduma za jamii hupewa leseni na Mamlaka ya Maendeleo ya Jamii, CDA, na wataalamu wa saikolojia ya tiba wako chini ya Mamlaka ya Afya, DHA. Kufanya kazi nje ya mwajiri wako kunahitaji kibali, na hata kujitolea kuna utaratibu wake. Anayekusudia kurudi Kenya akumbuke sheria ya mwaka 2014 ya wanasihi na wanasaikolojia, inayotaka usajili. Kwa hiyo amua kwanza utafanyia kazi nchi gani, ndipo uchague kozi.

Nasisitiza pia siri. Wengi wetu tunaishi vyumba vya kuchangia, Deira na kwingineko, na Waswahili wa Dubai wanajuana. Usimfanyie mazoezi mwenzako wa chumba wala binamu yake. Kesho mtagombania jiko, na aliyokuambia yatakuwa katikati yenu. Ukiona dalili za mtu kutaka kujidhuru, mpeleke hospitali na umjulishe msimamizi wako siku hiyo hiyo.

Kabla ya kulipa hata dirhamu moja, iombe taasisi ikuandikie nani atakupatia wateja wa mazoezi, nani atakusimamia, na cheti chake kinakubaliwa na mamlaka gani. Wasipotaka kuandika, tafuta taasisi nyingine.