Nyoka wa Miti wa Komoro: Visiwa Vinne, Spishi Mbili

Usiku katika visiwa vya Komoro, nyoka mwembamba mwenye macho makubwa hutambaa juu ya matawi na makuti akiwinda mijusi. Hana madhara kwa binadamu. Lakini kwetu sisi watu wa mwambao nyoka ni nyoka tu, na akionekana hupigwa. Wengi wanaompiga hawajui kwamba hapatikani popote pengine duniani.

Jenasi yake ni Lycodryas, jina lililotolewa mwaka 1879 na Albert Günther, mtaalamu wa makumbusho ya London, kwa nyoka wa kisiwa cha Nzwani. Wakomoro ni ndugu zetu kwa lugha na kwa damu, lakini nyoka huyu asili yake si Afrika bara. Jamaa zake wako Bukini, yaani Madagaska. Komoro ni visiwa vya volkeno vilivyoibuka kutoka chini ya bahari, na havijawahi kuungana na nchi kavu yoyote. Bila shaka wahenga wa nyoka hawa walivuka maji, yamkini juu ya miti iliyong'olewa na mafuriko ikachukuliwa na mkondo.

Walipofika, kila kisiwa kiliwalea kivyake. Mwaka 2012, watafiti Oliver Hawlitschek, Zoltán Nagy na Frank Glaw walilinganisha vinasaba, magamba na rangi za nyoka wa visiwa vyote vinne. Walibaini spishi mbili. Wa Nzwani na Maore ni Lycodryas maculatus. Wa Ngazidja na Mwali ni spishi ambayo sayansi haikuwa imeitambua, wakaiita Lycodryas cococola. Tena ndani ya kila spishi mna nususpishi mbili, kila moja na kisiwa chake.

Mgawanyo huu una uzito nje ya maabara. Tukiwahesabu wote kuwa nyoka mmoja, wakitoweka Nzwani, ambako misitu imekatwa mno kupisha mashamba, tutajifariji kuwa wamebaki Ngazidja. Faraja hiyo ni ya uongo, kwa kuwa wa Ngazidja ni spishi nyingine. Hata wa Maore, walio spishi moja na wa Nzwani, wamejitenga kiasi cha kupewa nususpishi yao.

Kuna pia mpaka wa kisiasa. Maore inatawaliwa na Ufaransa. Nzwani ni sehemu ya Muungano wa Komoro. Serikali mbili, zenye sheria na bajeti tofauti, zinamiliki spishi moja, na upande mmoja ukizembea, nususpishi nzima inaweza kupotea.

Kwa hiyo hifadhi ya nyoka huyu ipangwe kisiwa kwa kisiwa, na ianzie darasani: mtoto wa Mwali ajue kwamba nyoka wa mnazi wao hana sumu ya kuogopwa, na kwamba akiuawa wa mwisho, hakuna kisiwa kingine cha kumwazima.