Gari ikitetemeka, iulize kwanza kabla ya kununua kipande



Wengi wetu hapa Butembo na Beni, mtu akisha pata kazi na kuweka akiba kidogo, kitu kikubwa anachonunua kabla hata ya kiwanja ni gari ya okazio. Imetumika Japani miaka kumi au zaidi, ikapanda meli mpaka Mombasa, ikapita Kampala, ikaingia kwetu kwa Kasindi na volani yake upande wa kuume. Kompta inaonyesha kilometa 120,000, lakini wewe na mimi tunajua kompta inaweza kurudishwa nyuma. Ukitazama pedali ilivyolika na kiti cha shofere kilivyobonyea, utaona hiyo gari imeshatembea sana. Halafu sisi tunaitia katika barabara zetu.

Gari ya namna hiyo itatetemeka siku moja, hakuna dawa ya kuzuia. Ninachotaka kuandika leo ni namna ya kutafuta sababu. Mimi nilisoma mekanika, na kila wiki nakaa kwenye njia ya Butembo na Beni. Ninaona pesa nyingi za familia zinavyopotea kwa sababu moja tu: tunanunua kipande kwanza, swali tunauliza nyuma.

Mazungumzo yenyewe mnayajua. "Fundi, gari yangu iko natetemeka." "Ah, hiyo ni amotisere. Leta pesa." Mwenzetu mmoja mwenye taksi kule Beni alibadilisha amotisere mbili za mbele, akalipa tena paralelizimu, na gari ikaendelea kutetemeka sawa vile ilivyokuwa. Siku tuliyofungua gurudumu, tukakuta udongo mwekundu umekauka ndani ya janti, bonge la ukubwa wa kiganja. Tulikwangua kwa bisibisi, tukaosha kwa maji. Haikugharimu hata franka mia moja.

Kwa nini bonge la udongo liwe na nguvu hivyo? Tupige hesabu kidogo, si tulisoma? Tairi ya 195/65 R15, ambayo magari mengi madogo yanavaa, ikizunguka mara moja inatembea karibu mita 2. Ukienda kilometa 80 kwa saa, gurudumu linazunguka mara 11 kila sekunde. Udongo wa gramu 200 ulioshika ndani ya janti, kwa mwendo huo, unalivuta gurudumu kwa nguvu kama ya kilo 17, na mvuto huo unageuka juu, chini, mbele na nyuma mara 11 kila sekunde. Ukipunguza mwendo mpaka 40, nguvu hiyo haibaki nusu, inashuka mpaka robo. Njo maana gari inatulia kabisa mjini, lakini ukitoka na kufungua mwendo inaanza kucheza ngoma.

Kutoka hapo tunapata kanuni moja ya kushika: kila kitu kinachozunguka katika gari kina mwendo wake, na mtetemeko unafuata mwendo wa kile kilichougua. Gurudumu linafuata mwendo wa gari. Injini inafuata esansi unayokanyaga, hata gari ikiwa imesimama. Freni inasema wakati wa freni. Kwa hiyo usianze na swali "ni kipande gani?" Anza na "ni wakati gani?" Nitaweka maswali manne.

1. Je, inatetemeka ikiwa imesimama?

Weka gari fasi ya tambarare, injini ikiwaka, vitesi katika nyutro. Kanyaga esansi polepole. Kama mtetemeko unakuja hapo hapo, acha magurudumu, ugonjwa uko katika injini au katika vitu vinavyoibeba.

Kama gari ni otomatiki na inatetemeka zaidi ukiweka D huku umekanyaga freni, lakini inatulia ukirudisha nyutro, shuku mipira inayobeba injini, ile mafundi wanaita silenti-bloki. Mpira wa miaka mingi unapasuka au unakauka kama jiwe, basi kila pigo la injini linapita moja kwa moja mpaka kwenye bodi. Mwombe mtu akae kwenye volani abadilishe D na R, freni ikiwa imekanyagwa sana na freni ya mkono imevutwa, wewe utazame injini ukiwa kando, si mbele ya gari. Ikiruka kama mbuzi aliyefungwa kamba, umepata.

Kama injini yenyewe inakwama-kwama, silinda moja haifanyi kazi vizuri. Hapo tazama buji, bobini na esansi. Sisi tunaonunua kwa makadhafi wa kando ya barabara tujue jambo hili: mimina esansi kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie. Maji ni mazito kuliko esansi, yatakaa chini na utayaona kwa macho. Kama esansi ni safi, fundi achomoe waya wa bobini moja moja kwa muda mfupi injini ikiwaka. Silinda ambayo ukiichomolea injini haibadiliki, ndiyo mgonjwa.

2. Je, inafuata mwendo wa gari?

Kama ikisimama iko sawa, lakini ikifika 70 au 80 inaanza, basi ni upande wa magurudumu. Kuhakikisha, fasi ya tambarare isiyo na watu wala pikipiki, weka nyutro kidogo gari ikitembea. Usizime injini, maana volani na freni zitakuwa nzito, na usifanye hivyo katika mteremko hata siku moja. Mtetemeko ukibaki vile vile, injini haina kosa.

Sasa sikiliza ni wapi. Ukiusikia katika volani, tafuta kwanza magurudumu ya mbele. Ukiusikia katika kiti, anza na ya nyuma.

Hapo fuata mpangilio wa bei, kutoka kitu cha bure mpaka kitu cha pesa. Kwanza osha janti, ndani na nje, hasa miezi hii ya mvua. Pili pima pumzi ya matairi yote yakiwa baridi. Tatu kaza boloti za magurudumu. Nne tembeza mkono juu ya tairi yote: ukikuta uvimbe, nyuzi za ndani zimekatika, na hiyo tairi haina dawa. Soma pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiandikwa 2311, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Inaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umeshazeeka. Tano peleka magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemeko ukihama kutoka volani kwenda kwenye kiti, mgonjwa amejionyesha bila kununua kitu.

Baada ya hayo ndipo ulipe ekilibraji, yaani kupima uzito wa gurudumu na kugonga vipande vya risasi pale palipo pepesi. Msichanganye hiyo na paralelizimu. Paralelizimu inanyoosha magurudumu ili gari isivute upande mmoja na isile matairi, lakini haiondoi mtetemeko wa gurudumu lisilo na uzito sawa. Pesa nyingi zinapotea katika kuchanganya hayo mawili.

3. Je, inakuja ukikanyaga freni?

Beni iko chini ya Butembo kwa mita 500 hivi, na katikati, upande wa Maboya na Kabasha, njia inapanda na kushuka. Shofere anayeshuka mguu ukiwa juu ya freni muda wote anachoma diski. Diski iliyochomwa, au isiyo na unene sawa pande zote, inapiga mguu kupitia pedali na inatikisa volani kila ukipunguza mwendo. Ukiacha freni, kimya.

Kabla ya kununua diski, mwambie fundi aitoe na kusafisha pale inapokaa juu ya moyo wa gurudumu. Kutu au udongo kidogo hapo unatosha kuilaza upande. Halafu apime unene: kipimo cha chini kabisa kimegongwa juu ya diski yenyewe, kwenye ukingo au katikati. Ikiwa chini ya kipimo hicho, usikubali ichongwe tena, nunua nyingine. Na ukishuka, tumia vitesi ndogo, uache injini ikusaidie kushika gari.

4. Je, inakuja ukipanda na gari imebeba?

Umejaza watu na mizigo, unapanda, unakanyaga esansi, gari inayumba kushoto na kuume. Ukiachilia esansi, inatulia. Huo ni usemi wa kadani, hasa kiungo chake cha ndani, upande wa jiboksi. Kiungo cha nje kina lugha nyingine: kinapiga "ka-ka-ka" ukikata kona sana. Lala utazame makava ya mpira ya kadani. Kava likipasuka, grisi inaruka nje, mchanga unaingia, na kiungo kinakufa. Kubadilisha kava mapema kunaokoa kadani nzima. Kwa gari yenye mti wa kadani unaokwenda nyuma, shika mti huo gari ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa, uutikise. Ukicheza kwenye misalaba yake, hapo ndipo.

Sasa nije kwa jambo linalonifanya niandike haya yote. Katika mji mwingine, gari ikiharibika njiani unawasha taa, unakaa kando, unapiga simu. Sisi tunajua barabara zetu. Kuna fasi kwenye njia ya Beni na Kasindi, na hata nyingine karibu zaidi, ambapo hakuna shofere anayetaka kusimama, na saa kumi na mbili ya jioni ikikaribia kila mtu anataka kuwa ameshaingia mjini. Kwa hiyo ugonjwa unaoachwa kwa kusema "itafika tu" unaweza kutushusha fasi mbaya, tukiwa na watoto ndani. Kutengeneza gari mapema kwetu ni sehemu ya usalama, sawa na kuuliza habari za njia kabla ya kuondoka.

Njo maana, kabla ya safari, pandisha kila gurudumu la mbele kwa kriki, uweke pia kitu kigumu chini ya gari, maana kriki peke yake si ya kuaminiwa. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni rulema au rotula. Shika kushoto na kuume. Likicheza hivyo, tazama kwanza vichwa vya direksio. Zungusha kwa mkono: likinguruma, ni rulema.

Kuna mitetemeko ya kuvumilia mpaka mwisho wa mwezi, na kuna mingine hapana. Mipira ya injini iliyochoka inaudhi, lakini inaweza kungoja mshahara. Boloti zilizolegea, tairi yenye uvimbe, rotula inayocheza, au mtetemeko ulioanza ghafla na kuongezeka kila kilometa, hiyo haingoji. Rotula ikichomoka, gurudumu linalala na volani haikusikii tena. Ukiwa bado mjini, usitoke. Ukiwa njiani, punguza mwendo na uingie kijiji cha kwanza chenye watu.

Mwisho, weka kadaftari ndani ya gari. Andika mwendo, kama ni kupanda au kushuka, kama gari imebeba, na kama unausikia kwenye volani, kiti au pedali. Ukifika garaji usiseme tu "iko natetemeka". Sema: "Papa fundi, inaanza ku sabini na tano, iko ku volani, nikiweka nyutro inabaki, freni haibadilishe kitu." Fundi mzuri atafurahi, maana umemfanyia nusu ya kazi. Yule wa kubahatisha naye atajua hapo hakuna wa kuuzia amotisere.

Wenye magari, kabla ya kulala leo chukueni tochi mtazame ndani ya janti zenu. Wasio nayo bado, wekeni maneno haya, siku yenu inakuja. Safari njema kwa wote.